Jiwe la Chelezo la Ami

Jiwe lilikaa chini ya bahari ya Fumba, hapa Unguja, miaka isiyopungua mitano, limefungwa kamba ya nailoni, na juu yake likielea dumu la njano ambalo ndilo chelezo cha Ami. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuushika mtumbwi usiende zake. Halikuwa peke yake. Yalikuwa mawili, kubwa na dogo, yote mawe ya matumbawe yaliyokufa zamani, ya aina ileile iliyojengewa nyumba za Mji Mkongwe. Kaskazi ya mwaka juzi ilipoanza, Ami akaamua kwenda na wakati. Akajaza zege kwenye tairi bovu la gari, akalitosa, akayafungua mawe yake. Lile dogo, kama kilo 15 hivi, akanipa mimi, kwa sababu alikwisha kusikia kwamba natengeneza tangi la samaki wa maji ya chumvi.

"Chukua," akasema. "Lakini ujue jiwe hili lina wenyewe."

Nikadhani anazungumzia mashetani. Nikasoma nilichokijua, nikalitia kwenye ndoo, nikalifunika gunia lililolowa maji ya bahari, nikapanda daladala. Konda alitaka nauli ya mtu mzima kwa ajili ya ndoo. Tulipofika mjini abiria wawili walikuwa wamehama viti kwa harufu.

Kabla hujaniuliza: jiwe hili halikuvunjwa mwambani. Matumbawe hayavunjwi kwa ajili ya kupamba ukumbi wa mtu. Hata biashara ya kuyapeleka nchi za nje inabanwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na mawe yenye viumbe juu yake yanahesabika humo humo. Hili lilikuwa mali ya Ami, limefanya kazi, limestaafu.

Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, nakaa Jang'ombe. Tangi lenyewe nilikata vioo vya milimita 10 nikavigandisha kwa silikoni: urefu mita moja, upana na kimo sentimita 45 kila kimoja. Ni kama lita 200, na maji hayo peke yake yanapita kilo 200, kwa hiyo nililiweka juu ya matofali ya saruji, si juu ya meza ya Mama kama nilivyokusudia mwanzo. Maji niliyachota Mazizini siku ya bamvua, bahari imejaa, nikayabeba kwa Vespa madumu mawili mawili. Kipimo cha chumvi kilionesha 1.025. Pampu moja ya kuzungusha maji, taa, feni ndogo ya kupuliza juu ya maji ili yapoe wakati wa joto la kaskazi, na kipampu cha hewa cha betri kwa siku za umeme kukatika. Hayo ndiyo niliyoyajua. Vyuma, mirija, joto, mzunguko. Kuhusu kilichokuwa kikiishi juu ya jiwe sikujua kitu.

Wiki ya kwanza tangi lilinuka kama soko la samaki la Malindi saa tisa alasiri. Baadhi ya viumbe vilikufa njiani ndani ya daladala, vikaoza, na vinavyooza hutoa amonia. Amonia inaliwa na bakteria wanaoigeuza naitriti, nayo naitriti inaliwa na bakteria wengine wanaoigeuza naitreti. Hiyo safari huchukua wiki 4 mpaka 6, na kabla haijakamilika ukitia samaki unamuua tu. Binamu yangu alinitumia vipimo kutoka Maskati, vichupa vya kudondosha matone mpaka maji yabadilike rangi, na kila jioni nilikuwa nikikaa mbele ya tangi nikidondosha kama mkemia. Mama akipita anauliza, "Samaki wenyewe wako wapi?" Namwambia wanakuja.

Samaki hawakuwepo, basi nikawa naangalia jiwe, na jiwe likaanza kuota.

Wiki ya tatu lilipata vumbi la kahawia, jiwe zima na mchanga na vioo, kama mtu kamwaga unga wa kahawa. Hilo halina maneno mengi. Ni diatomu, viumbe vidogo vya jamii ya mwani vinavyojenga magamba yao kwa silika, na silika nyingi huja na mchanga mpya au maji ya bomba. Ikiisha silika, vinaondoka vyenyewe. Mimi nilifuta vioo kila siku wiki mbili nzima, na siku niliyochoka kufuta ndiyo siku vilipoanza kupungua.

Lakini chini ya vumbi lile kulikuwa na madoa. Madoa ya pinki, mengine ya zambarau iliyopauka, yamegandama jiweni kama rangi ya mafuta. Fundi wa mafriji akiona doa la rangi hiyo lililogandama anajua neno moja tu, kutu. Nikalitoa jiwe, nikachukua brashi ya waya na siki, nikasugua. Nilisugua kuanzia baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Sehemu kubwa ilitoka. Nikalirudisha jiwe limetakata, jeupe, nikajiona hodari.

Na palepale kwenye ufa, pembeni mwa mahali nilipotakasa, palikuwa na ua.

Sijui niliite nini zaidi ya ua. Kishina chembamba cha kahawia kinachopitisha mwanga kama glasi ya chai, na juu yake duara la nyuzi ndefu zilizochongoka, zinayumba na maji. Ukikigusa kwa ncha ya kijiti kinanywea ufani mara moja, kufumba na kufumbua hakipo. Baada ya robo saa kinachungulia tena. Nilikipenda. Nikawa nanunua uduvi Darajani, nauloweka, nausaga, nakidondoshea kwa bomba la sindano. Kilikuwa kikizishika punje, nyuzi zinajikunja kuelekea kati, kinakula. Nilimwita Mama aje aone. Mama akatazama, akasema, "Hichi kina tabia ya mtu."

Baada ya mwezi yalikuwa matano. Baada ya miezi miwili nikahesabu kumi na moja. Mama akasema, "Maua yako yanazaa," na mimi nikafurahi kama niliyepata wajukuu.

Mpwa wangu anasoma sayansi za bahari pale Buyu, kwenye taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuja Ijumaa moja baada ya sala, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mjomba, hawa unawalisha?"

"Kila siku."

"Na hapa palikuwa na nini?" Akaonesha pale peupe nilipopasugua.

"Kutu. Nimeitoa."

Alijizuia kucheka kwa sababu mimi ni mjomba wake, lakini mabega yalimtikisika. Nilichokisugua kwa siki ni mwani. Ndiyo, mwani, ila ule unaojijengea chokaa mwilini na kugandama jiweni kama saruji. Ndiyo unaoshikamanisha vipande vya mwamba visibomoke, na watoto wa matumbawe, wanapoogelea wakitafuta pa kukaa, wengi huchagua kutua juu yake. Watu wenye matangi huko Ulaya na Marekani husubiri miezi wauone, na wengine hununua vichupa vya maji yenye mbegu zake. Mimi nilipewa bure na bahari ya Fumba, nikaupiga brashi ya waya.

Na ua langu? Ua langu ndilo gugu. Jina lake la kitaalamu ni Aiptasia, aina ya anemoni, yaani mnyama laini wa baharini anayefanana na ua, na kwenye tangi ni kama magugu kwenye shamba la muhogo. Zile nyuzi zina sumu ya kuchoma jirani. Kipande cha mguu wake kikibaki jiweni kinaota mzima mwingine, na hata bila kukatwa huwa anaacha vipande vya mguu nyuma anapotembea, kila kipande kinakuwa mtoto. Ile rangi ya kahawia ni vimwani vidogo vinavyoishi ndani ya mwili wake na kumlisha sukari, mpango uleule walionao matumbawe. Kwa ajili hiyo, mpwa wangu akaniambia, kwenye maabara anathaminiwa sana. Matumbawe yakipatwa na joto huvitoa vimwani vyao na kubaki meupe, kama ilivyotokea kwenye miamba yetu mwaka 1998, na wanaotaka kujua hasa kinachotokea ndani ya mwili hufanya majaribio kwa Aiptasia kwa sababu hafi ovyo.

"Hafi ovyo," nilikuja kuyakumbuka maneno hayo.

Usiku huohuo nilichukua kisu cha kukatia mipira ya friji nikawakata wote kumi na mmoja. Wiki tatu baadaye nilihesabu thelathini na saba. Hili ni kosa ambalo kila mtu huambiwa asilifanye na kila mtu hulifanya.

Nikahamia kwenye ndimu. Unavuta maji ya ndimu kwenye bomba la sindano, unamchoma kati, kwenye mdomo. Waliokuwa wazi na wakubwa walikufa. Wadogo walinywea kabla sindano haijafika, na ndimu ikamwagika bure ndani ya maji. Mpwa wangu akaniambia wenzetu wa nje hutumia uji mzito wa haidroksaidi ya kalsiamu, unauzwa kwenye maduka ya samaki kwa jina la Kijerumani. Unamfunika nao mdomo na nyuzi zote, ukali wake unamuunguza.

"Haidroksaidi ya kalsiamu ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Chokaa, Mjomba. Chokaa tu, iliyozimwa."

Nikacheka mimi safari hii. Chokaa! Katika mji huu ambao kuta zake zote ni chokaa! Na hata kujenga hujengi: nenda kwa muuza tambuu, kaa pale kwenye kibao chake, utaona kikopo cheupe anachopakia jani kwa kijiti kabla ya kuweka popoo. Ni dawa hiyohiyo. Mzee ninayenunua kwake pale Darajani aliniuliza tangu lini natafuna. Nikamwambia si ya kutafuna, ni ya kuulia maua ya baharini. Akanipimia, akaniongeza kidogo, akasema nimwombee dua.

Ilikuwa nyeupe tupu, haina rangi wala manukato, na hilo uhakikishe. Unaichanganya na maji safi kidogo mpaka iwe kama uji wa mtoto. Unazima pampu, maji yatulie kabisa. Unashusha bomba la sindano polepole, bila kutia kivuli, unamfunika kabla hajashtuka. Hatapiki, hakimbii, ananywea na chokaa yake mdomoni. Unangoja robo saa, unawasha pampu. Watatu wanne kwa siku, basi, kwa sababu chokaa inapandisha ukali wa maji yote na ukizidisha utawaua wasiohusika. Vaa glavu na jihadhari na macho. Ilinichukua wiki tano kuwapunguza mpaka nikabaki na wawili nyuma ya jiwe, ambako mkono haufiki.

Nilikuwa nikifanya kazi hiyo usiku, peke yangu, taa imezimwa ukumbini, na nilikuwa nikiwaza jinsi ile chokaa ilivyozunguka. Zamani wazee walipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, wakalitia moto tanuu likawaka usiku na mchana. Moto unatoa hewa ya ukaa kwenye jiwe, linabaki chokaa kali. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe na kupasuka, ndiyo chokaa iliyozimwa. Ukiipaka ukutani, inavuta tena hewa ile ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Sasa mimi nimekaa Jang'ombe, nachukua tumbawe lililounguzwa, namlisha anemoni aliyeota juu ya tumbawe lililofungiwa mtumbwi. Nilimhadithia Mama asubuhi. Akasema ninahitaji kuoa.

Baada ya fedheha zile mbili, kutu isiyo kutu na ua lisilo ua, niliacha kuhukumu kwa sura. Sura ndiyo iliyonipoteza. Kibaya nilikiona kizuri nikakinunulia uduvi, na kizuri nilikiona uchafu. Nikaanza kufanya kama ninavyofanya kwa friji: sikuulizi lina rangi gani, nakuuliza linafanya nini. Linanguruma? Linanguruma saa ngapi? Ukilipiga kofi linanyamaza?

Kwa hiyo kitu kipya kikitokea jiweni, kwanza nakigusa kwa kijiti. Kikinywea, ni mnyama. Kisiponywea, bado yawezekana ni mnyama, lakini pengine ni mwani. Kisha naangalia kimeota wapi. Kinachotafuta mwanga hukaa juu, kinachochuja maji hukaa gizani na karibu na mkondo. Kisha nangoja usiku. Nimefunga karatasi nyekundu ya pipi kwenye tochi ya simu, kwa sababu wengi wa wadudu hawa mwanga mwekundu hauwashtui, na nimetoa kile kilenzi kidogo cha kusomea sidii kwenye deki bovu nikakibandika mbele ya kamera ya simu. Ni kioo cha kukuza cha bure. Kwa lenzi ile nimeona mambo ambayo miaka yote nimekanyaga juu yake bila kujua.

Kuna punje nyeupe zilizoota chini ya jiwe na nyuma ya pampu. Mama alisema ni mchele, akanituhumu kumwaga. Ukizikuza unaona kila punje ina tundu juu na ndevu zimelizunguka tundu. Ni sponji wadogo, wanachuja maji, hawamdhuru mtu. Ni ukoo mmoja na sponji wanaofugwa na akina mama wa Jambiani kwenye kamba baharini, ila hawa hawafikii hata kuogea mkono wa mtoto.

Kuna vikonokono vyeupe visivyotembea, vidogo kama kichwa cha pini, vimejipinda mara mbili na kugandama kwenye kioo. Si konokono, ni minyoo inayojijengea nyumba ya chokaa. Usiku hutoa shada jekundu la nyuzi, na ukipitisha kivuli cha kidole wote hujificha kwa pamoja.

Kuna shanga za kijani, zinang'aa kama glasi, moja ikafika ukubwa wa kunazi. Hizo ndizo zilizonifanya nikae chini. Ni mwani, na shanga moja nzima ni seli moja. Wewe na mimi tuna seli zisizohesabika na hakuna hata moja utakayoiona kwa macho kwa urahisi, na yeye seli yake moja unaweza kuishika kwa vidole viwili. Usiitumbue ndani ya tangi. Unalitoa jiwe, unaibandua nzima na kizizi chake.

Ulikuja pia ute wa rangi ya damu ya mzee juu ya mchanga, una mapovu, ukiuvuta unatoka kipande kizima kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mama alitaka kuuita damu, mimi mwani mwekundu. Siku hiyo shangazi yangu wa Paje, aliyelima mwani tangu ujana wake, alikuwa amekuja mjini kwa hitima. Akauangalia, akaingiza mkono akaupapasa hata sijamzuia.

"Huu si mwani," akasema. "Mwani una mshiko. Huu ute. Huko kwetu uko wa namna hii unatuwasha mikono." Kisha akaangalia kona ya tangi zilikoota nywele za kijani. "Na maji yako hayatembei pale. Shamba lisilo mkondo linaota nywele. Hukuliona hilo?"

Sikuliona. Fundi wa mzunguko mzima sikuliona. Niligeuza pampu ielekee kona ile, nikapunguza taa kutoka saa kumi na mbili kwa siku mpaka nane, na zote mbili, ute na nywele, zilikonda ndani ya mwezi. Mpwa wangu alithibitisha baadaye kwamba ute ule ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua, wa ukoo uliokuwa wa kwanza kuipa dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Shangazi hakuhitaji hiyo miaka bilioni. Alijua kwa mkono.

Si kila ushauri wa mpita njia ni wa kusikiliza. Jirani yangu aliponiona nahangaika na anemoni alisema lichemshe jiwe, yaishe. Ni wazo la mtu mwenye akili, na mimi nilikuwa nimekwisha kutafuta sufuria. Mpwa wangu alipiga simu bahati tu, nikamtajia, akapiga kelele mpaka nikaitenga simu na sikio. Upande mmoja wa jiwe kulikuwa na vifungo vya kahawia, kama vifungo vya koti vilivyopangwa sambamba, kila kimoja na pindo la nyuzi fupi pembeni. Hao nao ni jamaa wa anemoni, na baadhi yao hubeba palitoksini, moja ya sumu kali kuliko zote zinazotengenezwa na viumbe. Wanasayansi wa Hawaii waliitenga mwaka 1971, lakini wenyeji wa kule waliijua zamani na kuipaka kwenye mikuki. Ukichemsha jiwe lenye vifungo hivyo, au ukilisugua kavu, unaweza kuivuta kwa pumzi. Kuna familia nje huko zimelazwa hospitali nyumba nzima, na mbwa wao, kwa sababu baba alitaka kutakasa jiwe la tangi. Sijui kama vifungo vya jiwe la Ami vina sumu au havina, na sina haja ya kujua. Navigusa kwa glavu, na sufuria nimeirudisha jikoni.

Jambo moja nililifanya mwenyewe bila kushauriwa na mtu, nami nalisema ili wenzangu wa ufundi wasikie. Maji ya tangi yanapungua kila siku kwa joto, lakini kinachopotea ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo unajazia maji matamu, safi. Nikasema, kiyoyozi cha kazini kinadondosha ndoo nzima kwa siku, maji ambayo hayajagusa ardhi, yako wapi safi kuliko hayo? Nikajazia. Konokono watatu niliowaweka kula mwani walilala chali wiki hiyohiyo. Maji yale yamepita juu ya koili na mirija, na shaba kidogo sana inatosha kuwaua wadudu wasio na uti wa mgongo. Miaka kumi na tano nachomelea mirija ya shaba, lakini halikunipitia. Sasa nakinga mvua.

Ami alikuja mwezi wa tano, kusi limeshavuma. Alikaa, akanywa kahawa, akazungumza habari za mazao na za marehemu fulani, na mpaka Mama alipoleta kashata ndipo aliposema lililomleta. Tairi la zege limeburuzwa. Usiku wa upepo mtumbwi umekwenda nalo mpaka kwenye mikoko, ubao mmoja umepasuka.

"Nimekuja kuchukua jiwe langu," akasema.

Sikumjibu. Nilimvutia kiti mbele ya tangi, nikazima taa ya ukumbini, nikampa simu yenye karatasi nyekundu. Madoa ya pinki yalikuwa yamerudi, yamefunika zaidi ya nusu ya nilipopasugua. Alikaa pale, mkono umeshika goti, akichungulia kama mtu anayemtafuta mtu ndani ya nyumba. Akasogeza kidole kwenye kioo, yale mashada mekundu yakajificha, akakirudisha kidole kwa haraka.

"Vimeniona," akasema.

Kisha akaonesha vibomba vyeupe vilivyosimama kwenye ukingo wa jiwe, vigumu, mdomo wake mkali kama kigae, kila kimoja kimetoa uzi wa ute ukielea. Hivyo nilikuwa nimeshindwa kuvijua wiki nzima. "Hivi navijua. Hivi ndivyo vinavyotuchana nyayo tukienda kuvua pweza maji yakipwa."

"Mnaviitaje?"

Akafikiri. "Hatuviiti. Tunasema, angalia unapokanyaga."

Mpwa wangu aliniambia baadaye ni konokono kweli hawa, walioacha kutembea na kunyoosha magamba, na ule ute ni wavu wao wa kunasia chakula. Lakini usiku ule hilo lilikuwa halijulikani, na Ami hakuonekana kulikosa. Alimaliza kahawa yake ya pili mbele ya jiwe.

Uani kwangu kuna kompresa za friji zilizoungua. Tulichagua mbili, nzito, za chuma. Nilizitoboa nikamwaga oili yote kwenye dumu, nikazisafisha, nikakata mirija ya shaba, kwanza kwa sababu shaba inauzika kwa kilo, na pili kwa sababu ninaijua sasa. Tukazifunga kamba, tukazipakia kwenye Vespa mbele ya miguu yangu, Ami akapanda nyuma.

"Kusi likiisha," akasema tukishapita Mwanakwerekwe, akipiga kelele kwa upepo, "uje na hicho kilenzi chako tuzame, tuone zimeota nini."